Tiketi ya dola 20 inalipiwa dola 43: ndani ya kampuni kubwa ya matamasha na tiketi

Mwezi Machi 2023 mashabiki wa The Cure, bendi ya siku nyingi kutoka Uingereza, walifurahi kusikia kwamba baadhi ya tiketi za ziara yake ya Marekani zingeuzwa dola 20 tu. Bendi yenyewe ndiyo iliyotaka bei iwe hivyo ili mtu wa kipato cha kawaida aweze kuingia. Mnunuzi mmoja akachagua tiketi nne. Alipofika kwenye ukurasa wa malipo akakuta hivi: tiketi nne, dola 80. Ada ya huduma, dola 11.65 kwa kila tiketi. Ada ya ukumbi, dola 10 kwa kila tiketi. Ada ya kushughulikia agizo, dola 5.50. Ukizijumlisha ada peke yake unapata dola 92.10, zaidi ya bei ya tiketi zenyewe. Alitakiwa alipe dola 172.10, yaani dola 43 na senti kidogo kwa kila mtu.

Kiongozi wa bendi hiyo, Robert Smith, alilalamika hadharani, na baada ya muda mfupi kampuni iliyouza tiketi, Ticketmaster, ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini kabisa na dola 5 kwa tiketi nyingine. Hapo ndipo swali letu linapoanzia. Ada inayoweza kupunguzwa haraka namna hiyo kwa sababu msanii mmoja amepaza sauti, ilikuwa inalipia nini hasa?

Nani ni nani

Tuanze na tunachokifahamu. Bendi ya taarabu au ya dansi inapokuja makao makuu ya wilaya, yupo mtu aliyeileta. Yeye ndiye amekodi ukumbi, ameitangulizia bendi sehemu ya malipo, amelipia matangazo ya redio na gari la kupita mitaani na spika, na jioni anamweka mlangoni ndugu anayemwamini, na kitabu cha tiketi mkononi. Watu wakijaa, anabaki na kitu. Mvua ikinyesha, bendi imeshachukua chake, mwenye ukumbi ameshachukua chake, naye anarudi nyumbani na deni. Huyo ndiye promota.

Katika biashara kubwa ya muziki Marekani kazi ni zilezile, ila kila moja imekuwa kampuni. Yupo meneja anayesimamia shughuli za msanii na kuchukua asilimia yake. Yupo promota anayebeba hatari ya hasara. Yupo mwenye ukumbi au uwanja, ambaye mbali na kodi hupata fedha kwenye bia, chakula na maegesho ya magari. Yupo muuza tiketi, anayeshika orodha ya viti na sanduku la fedha. Na wapo wadhamini wanaotaka jina lao lionekane juu ya jukwaa. Kwa miaka mingi hawa walikuwa watu mbalimbali wanaovutana, kila mmoja akiangalia mwenzake asichukue kupita kiasi. Kampuni tunayoieleza hapa, Live Nation Entertainment, ambayo ndiyo yenye Ticketmaster, inafanya kazi hizo zote kwa wakati mmoja.

Aliyekuwa akilipa akawa analipwa

Ticketmaster ilianzishwa mwaka 1976 mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona. Shida iliyotaka kuitatua ilikuwa ya kweli. Tiketi za karatasi ziligawanywa kwenye maduka mbalimbali, duka moja likaishiwa saa nne asubuhi huku jingine limebaki na rundo. Kompyuta yenye orodha moja ya viti vyote, inayoonekana na kila duka kwa wakati mmoja, iliondoa tatizo hilo. Haikuwa kampuni ya kwanza kufanya hivyo. Mkubwa wa soko wakati huo aliitwa Ticketron.

Kilichoigeuza biashara hii ni uamuzi wa kifedha zaidi kuliko wa kompyuta. Fred Rosen, mwanasheria aliyekabidhiwa uongozi wa Ticketmaster mwaka 1982, aliona kwamba wauza tiketi walizoea kumtoza mwenye ukumbi kwa huduma yao. Yeye akafanya kinyume. Alimwendea mwenye ukumbi akamwambia, kwa maneno yetu: sikutozi kitu, bali nitakulipa. Nitakugawia sehemu ya ada ninayomtoza mnunuzi, na hata kukutangulizia fedha, ilimradi tiketi zako zote kwa miaka kadhaa niziuze mimi peke yangu. Mwenye ukumbi gani angekataa? Mwaka 1991 Ticketmaster ilinunua mali za Ticketron, mpinzani aliyekuwa mkubwa wake.

Hapa ndipo penye jibu la sehemu kubwa la swali la ada. Ada ya huduma si gharama ya tovuti na mashine peke yake. Ndani yake mna malipo anayopewa mwenye ukumbi ili akubali kufunga mkataba wa muuzaji mmoja. Anayechagua muuza tiketi ni mwenye ukumbi, naye hupata mgawo. Anayelipa ni shabiki, ambaye hakuulizwa na hana duka jingine la kwenda, kwa sababu msanii anayemtaka anaimba katika ukumbi huo usiku huo tu. Katika soko la mchele, ukipandishiwa bei unahamia meza ya pili. Hapa meza ni moja. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, wanaoeleza ada hizi kama tamaa tu ya kampuni moja hawajafika mwisho wa maelezo. Mwenye ukumbi naye yumo, ingawa lawama haimfikii, na kuipokea lawama hiyo ni sehemu ya huduma anayouziwa.

Ada hizo ni kubwa kiasi gani? Ofisi ya Bunge la Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilichunguza mwaka 2018 na kukuta kwamba kwa wastani ada zilikuwa asilimia 27 ya bei ya tiketi inaponunuliwa mara ya kwanza, na asilimia 31 inapouzwa tena na mtu mwingine.

Wapo waliojaribu kugoma. Mwaka 1994 bendi ya Pearl Jam, iliyokuwa miongoni mwa bendi zenye mashabiki wengi zaidi wakati huo, ilitaka tiketi zake ziuzwe dola 18 na ada isizidi dola 1.80. Ikashindwana na Ticketmaster, ikafuta ziara ya kiangazi, na wanamuziki wake wawili wakaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mwaka uliofuata walijaribu kuzunguka nchi bila Ticketmaster na wakaona taabu, kwa kuwa kumbi kubwa karibu zote zilikuwa zimeshafungwa na mikataba. Julai 1995 Wizara ya Sheria ilifunga uchunguzi wake bila kuchukua hatua.

Mapromota wananunuliwa mmoja mmoja

Upande wa matamasha nao ulikuwa na hadithi yake. Hadi miaka ya 1990 kila eneo la Marekani lilikuwa na promota wake, na watu hao waliheshimiana mipaka. Tajiri mmoja, Robert Sillerman, alianza kuwanunua mmoja baada ya mwingine na kuwaweka katika kampuni moja iliyoitwa SFX. Mwaka 2000 SFX ikanunuliwa na Clear Channel, kampuni iliyokuwa na mamia ya vituo vya redio, na mwisho wa mwaka 2005 kitengo hicho kikatengwa kuwa kampuni inayojitegemea kwa jina la Live Nation. Michael Rapino ameiongoza tangu wakati huo.

Februari 2009 Live Nation na Ticketmaster zilitangaza kuungana. Serikali ya Marekani iliruhusu Januari 2010, lakini kwa masharti yaliyowekwa mahakamani. Sharti kubwa lilikuwa kwamba kampuni mpya isimwadhibu mwenye ukumbi kwa kumnyima matamasha eti kwa sababu amechagua muuza tiketi mwingine. Masharti yalikuwa ya miaka 10. Kabla hayajaisha, Desemba 2019, Wizara ya Sheria ilisema kampuni imeyavunja mara kwa mara, na mwanzoni mwa mwaka 2020 yakaongezewa miaka mitano na nusu.

Faida iko wapi

Mwaka 2024 watu milioni 151 walihudhuria maonyesho ya Live Nation duniani, na kampuni iliingiza zaidi ya dola bilioni 23. Zaidi ya dola nne katika kila dola tano zilitoka kwenye matamasha yenyewe. Ukisikia hivyo utadhani matamasha ndiyo yanayoinenepesha. Sivyo. Fedha za matamasha zinaingia na kutoka. Msanii mkubwa huahidiwa kiasi cha uhakika, au asilimia 85 hadi 90 ya kinachobaki baada ya gharama, na huchukua kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Promota anabaki na kidogo. Kitengo cha tiketi, ambacho mapato yake ni madogo mara kadhaa, kilileta faida kubwa kuliko kitengo cha matamasha, na hata kitengo cha udhamini na matangazo kilikipita.

Ni kama mtu anayeendesha daladala kwa faida ndogo kwa sababu anamiliki stendi, vibanda vya chakula na kituo cha mafuta. Daladala inaleta watu, na fedha inapatikana kwingine. Tamasha ambalo promota wa kawaida angeliona ni la hasara, Live Nation inaweza kulichukua, kwa sababu kila anayeingia amelipa ada ya tiketi, atanunua kinywaji ndani ya ukumbi wake, na ataliona jina la mdhamini. Promota mdogo asiye na vitu hivyo vitatu hawezi kutoa ahadi kubwa kama hiyo kwa msanii.

Novemba 2022

Ushahidi mzuri kuliko wote wa nguvu ya mkataba wa muuzaji mmoja ni ziara ya Taylor Swift. Wengi hudhani Live Nation ndiyo iliyoiandaa. Hapana. Iliandaliwa na washirika wa AEG, kampuni ya pili kwa ukubwa Marekani na mpinzani mkuu wa Live Nation, yenye kitengo chake cha kuuza tiketi. Hata hivyo tiketi katika viwanja vingi ziliuzwa na Ticketmaster, kwa kuwa viwanja hivyo vilikuwa na mikataba nayo. Mpinzani alilazimika kupitia mlango wa mpinzani wake.

Tarehe 15 Novemba 2022, siku ya mauzo ya awali, mfumo ulilemewa. Watu milioni 3.5 walikuwa wamejiandikisha kabla, na Ticketmaster ilisema mfumo wake ulipokea maombi bilioni 3.5, mengi yakiwa ya watu wasiotakiwa kuwemo na ya programu za kompyuta. Watu walikaa kwenye foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi na wengine wakatolewa wakiwa tayari wamechagua viti. Tiketi zaidi ya milioni 2 ziliuzwa siku hiyo moja, na mauzo ya jumla yaliyokuwa yafuate yakafutwa. Januari 2023 mkuu mmoja wa kampuni alihojiwa na kamati ya Seneti.

Kisha, tarehe 23 Mei 2024, Wizara ya Sheria pamoja na majimbo kadhaa ilifungua kesi ya ukiritimba mjini New York, ikiomba Ticketmaster itenganishwe na Live Nation. Kwa mujibu wa mashtaka, kampuni hiyo inashika takriban asilimia 60 ya uandaaji wa matamasha katika kumbi kubwa za nchi, inamiliki au kudhibiti kumbi zaidi ya 265 Amerika Kaskazini, inasimamia wasanii zaidi ya 400, na Ticketmaster inauza takriban asilimia 80 au zaidi ya tiketi za mara ya kwanza katika kumbi kubwa za matamasha. Kampuni inakanusha kuwa ni ukiritimba. Inasema bei ya tiketi hupangwa na wasanii na waandaaji, ada nyingi huenda kwa wenye kumbi, na faida yake kwa kila tiketi ni ndogo. Baadhi ya hayo, kama tulivyoona, ni kweli. Ila hoja ya kwamba ada zinakwenda kwa wenye kumbi hupungua uzito pale mwenye ukumbi anapokuwa Live Nation yenyewe.

Bei isiyotulia, na walanguzi

Ulanguzi wa tiketi ni mkongwe kama tiketi. Kilichobadilika ni kasi. Mlanguzi wa leo ana programu ya kompyuta inayojifanya wanunuzi mia moja na kumaliza viti vizuri kabla wewe hujamaliza kuandika jina lako. Marekani ilipitisha sheria ya kuzikataza programu hizo Desemba 2016. Lakini Ticketmaster yenyewe ina sehemu rasmi ya kuuzia tena tiketi, na tiketi moja ikiuzwa mara mbili, ada hutozwa mara mbili. Septemba 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo ikidai kwamba iliwafumbia macho walanguzi waliokuwa wakinunua kupita idadi inayoruhusiwa. Kampuni inapinga.

Njia nyingine ni kupandisha bei wakati watu wanapogombania, fedha ambayo ingekwenda kwa mlanguzi ikabaki kwa msanii na mwandaaji. Hoja hiyo ina mantiki kwenye karatasi. Agosti 2024 mashabiki wa Oasis nchini Uingereza walisubiri saa nyingi kwenye foleni kwa ajili ya tiketi za kusimama za takriban pauni 150, wakafika mbele na kukuta zinauzwa zaidi ya pauni 350. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilipochunguza haikukuta kompyuta iliyokuwa ikipandisha bei dakika kwa dakika. Kulikuwa na mafungu mawili ya tiketi zilezile za kusimama, la bei ya chini likatangulia, na likiisha linafuata la bei kubwa, bila walioko kwenye foleni kuambiwa. Ireland kwa upande wake ilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza tiketi za matukio makubwa kwa zaidi ya bei yake ya asili. Nako Marekani, tangu Mei 2025 muuza tiketi anatakiwa kuonyesha bei kamili yenye ada zote tangu mwanzo.

Tiketi ikiwa ndani ya simu

Kwetu nako tiketi inahamia kwenye simu. Tanzania, wanaokwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa wamezoea N-Card. Kenya, mtu hulipia tamasha kwa M-Pesa na tiketi ikaja kama ujumbe. Ni nafuu kwa anayetoka mbali, maana haendi mjini mara mbili. Lakini inafaa kuelewa mashine ya mlangoni inavyofanya kazi. Haisomi karatasi wala picha. Inasoma namba, na namba ikishasomwa mara moja imekufa. Tapeli anaweza kununua tiketi moja halali, akaipiga picha na kuwauzia watu kumi kwenye kundi la WhatsApp. Wote kumi wana namba ya kweli. Atakayefika wa kwanza ataingia, na tisa watageuziwa mlangoni. Ndiyo sababu Ticketmaster ilileta mwaka 2019 tiketi ambayo alama yake hubadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha haifai kitu. Faida nyingine, ambayo ni ya kampuni, ni kwamba sasa inamjua kila anayeingia, si aliyenunua tu.

Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya siri, angalia jumla ya mwisho na si bei ya kwenye bango, angalia jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu kama ni la mwandaaji au la mtu binafsi, na tafuta sharti la kurudishiwa fedha. Hili la mwisho husomwa na wachache.

Limefutwa au limeahirishwa?

Tiketi huuzwa miezi mingi kabla ya onyesho. Katika muda huo fedha yako haikai mahali pamoja. Nyingine imekwenda kwa mwenye ukumbi, nyingine imetanguliziwa msanii, nyingine imelipia matangazo. Mwaka 2020 korona ilipofunga kumbi, mamilioni ya watu walidai fedha kwa pamoja. Maneno kwenye tovuti ya Ticketmaster, ambayo awali yalitaja marejesho kwa onyesho lililofutwa na pia lililoahirishwa, yakabadilishwa yakabaki kutaja lililofutwa tu. Onyesho lililoahirishwa likawa halina marejesho ya moja kwa moja, na mengi yaliitwa yameahirishwa. Baada ya malalamiko, Live Nation ilitangaza kwamba kuanzia Mei 2020 mwenye tiketi ya onyesho lililopangiwa tarehe mpya angekuwa na siku 30 za kuomba fedha yake. Siku hizo zikipita, aliyelala alibaki na tiketi ya tarehe mpya.